Hesabu ya Nepi Huanza na Kamba

Maswali ya wasomaji kuhusu malezi na nyumba

Barua nne kati ya zilizonifikia mwezi huu zinauliza, kila moja kwa upande wake, kuhusu nepi za kitambaa katika nyumba za ghorofa. Nimeona nizijibu pamoja, na nimezifupisha bila kuondoa kiini cha maswali. Barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu mengi yaliyomo ndani yake ndiyo yanayowakwamisha wengi.

Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Upanga, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoko ghorofa ya tatu. Mtoto wetu wa kwanza ana miezi minne, na anatumia pampasi saba kwa siku. Dukani kwetu moja ni shilingi 500, kwa hiyo kila mwezi tunatoa shilingi 105,000, fedha inayozidi gharama zetu za maji, umeme na gesi zikijumlishwa. Nimeamua kuhamia nepi za kitambaa, lakini kila ninayemweleza ananicheka. Roshani yetu ina upana wa mita mbili tu, maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, mashine ya kufulia hatuna, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto nikiwa kazini, amesema waziwazi kwamba hataki kuona nepi za mtoto kwenye beseni analofulia nguo zake za kusalia. Nimeona seti ya nepi za kisasa zenye vifungo inauzwa shilingi 380,000. Je, niinunue?
*Mama wa Mmoja, Upanga*

Marahaba, mwanangu. Usiinunue, angalau si sasa. Nepi hizo si mbaya, na zipo familia zinazozisifu kwa haki, lakini kwa bei hiyo ungekuwa umelipia pampasi za zaidi ya miezi mitatu na nusu kwa mkupuo mmoja, kabla hujajua kama roshani yako inaweza kuzikausha. Nepi ya aina hiyo ina ganda la nje lisilopitisha maji na pedi nene ya ndani, na pedi hiyo ndiyo itakayokutesa, kwa sababu matabaka yake manne au matano yameshonwa pamoja na upepo hauwezi kupita katikati yake. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea na hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu, pedi hiyo inaweza kukaa kambani siku mbili na bado ukiibana katikati kwa vidole unahisi ubichi.

Anayeishi kwenye nyumba yenye uwanja anaweza kuhesabu nepi kwa kumwangalia mtoto. Wewe wa ghorofani hesabu kamba kwanza. Ukifunga kamba tano sambamba katika roshani ya mita mbili, ukiziachanisha shubiri moja moja, kila kamba itabeba nepi mbili zikiwa zimetandazwa sawasawa, au tatu pembe zao zikibanwa pamoja kwa kibanio kimoja. Hiyo ina maana kwamba kwa mara moja unaanika nepi kumi hadi kumi na tano, na haina faida kumiliki arobaini ikiwa ishirini na tano zitabaki zimelowa ndani ya beseni zikisubiri zamu.

Kwa sababu hiyo ninakushauri urudi kwenye nepi waliyotumia mama zetu, yaani kipande cha mraba cha kitambaa cha pamba chenye tabaka moja, kinachokunjwa wakati wa kumvisha mtoto. Uzuri wake ni kwamba kikiwa mwilini kina matabaka sita au manane kwa jinsi kilivyokunjwa, lakini kikiwa kambani kina tabaka moja tu, na hukauka kama kanga inavyokauka. Kata vipande vya sentimita 70 kwa 75. Kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu hutoa nepi mbili katika kila sentimita 70 za urefu, kwa hiyo mita saba zinatosha nepi ishirini. Mpelekee fundi cherehani azipige ovaloki pembeni zisifumuke, wala usikubali azikunje na kuzishonea pindo nene, kwa kuwa pindo hukawia kukauka na humkwaruza mtoto mapajani.

Kuhusu aina ya kitambaa, melimeli ndiyo inayokauka upesi kuliko zote, flaneli hufyonza zaidi lakini hukawia kidogo, na marekani ni nafuu na imara ingawa huja na wanga wa kiwandani ambao lazima uufue mara tatu au nne kabla kitambaa hakijaanza kunywa maji. Kanga kuukuu iliyolainika nayo ni nepi nzuri sana, na upande mmoja wa doti unakupa vipande vinne vya kukunjwa viwili viwili, lakini hakikisha kwanza kwamba ni pamba kweli, maana siku hizi kanga nyingi zina nyuzi za poliesta. Chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti: ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba, ukiyeyuka na kujikusanya kuwa kidonge kigumu cheusi, ni poliesta, nayo haitafyonza kitu.

Sasa fedha. Kama mita moja unakonunua ni shilingi 4,000, mita saba ni 28,000. Kama fundi anachukua shilingi 300 kwa kila nepi, ni 6,000. Ongeza chupi nne za plastiki za kuvaa juu ya nepi, tuseme shilingi 2,500 kila moja, nazo ni 10,000. Jumla ni shilingi 44,000. Tuweke shilingi 15,000 kwa mwezi za sabuni, maji na umeme wa pasi. Tena sikushauri uache pampasi kabisa: baki na mbili kwa siku, moja ya usiku na moja ya safari au ya siku yenye dharura, ambazo kwa bei ya dukani kwenu ni 30,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo mwezi wa kwanza, pamoja na ununuzi wote, utatumia 89,000, na kila mwezi unaofuata 45,000 badala ya 105,000. Bei za kwenu zikiwa tofauti, badilisha tarakimu, lakini fanya hesabu kwenye karatasi kabla hujaenda Kariakoo, kwa kuwa muuzaji wa vitambaa hana sababu ya kukuzuia usinunue mita ishirini.

Mtoto wako atatumia nepi za kitambaa kama sita kwa siku, moja zaidi ya zile pampasi tano utakazoacha, kwa maana kitambaa hakifichi unyevu na kinabadilishwa mapema zaidi, kila baada ya saa mbili au tatu, na papo hapo akijisaidia haja kubwa. Ukifua kila baada ya siku mbili unafua kumi na mbili, ambazo kamba zako tano zinaziweza, na nane zinabaki ndani. Ndiyo maana nikasema ishirini.

Maji yanahitaji mpango zaidi kuliko fedha. Mzigo wa nepi kumi na mbili naufua kwa ndoo nne za lita ishirini: ya kwanza ya kusuuza mkojo, ya pili ya sabuni, mbili za mwisho za kutoa sabuni. Maji ya ndoo ya mwisho yanakuwa karibu safi, nami huyahifadhi kwenye diaba yawe ndiyo ya kwanza ya mzigo unaofuata, au yamwagwe chooni, ambako hata hivyo ungetumia maji masafi. Anayesuuza kwa haraka ili kubana maji hujikuta analipia kwingine, kwa kuwa sabuni inayobaki kwenye nyuzi ikikutana na mkojo humchoma mtoto ngozi, na mama huanza kununua malai ya upele bila kujua chanzo. Tumia sabuni ya mche au ya unga kwa kiasi. Dawa za kulainisha nguo zenye manukato ziache kabisa, kwani hupaka nyuzi utando unaokataa maji.

Kinyesi hakifuliwi. Kinatupwa chooni kwanza. Kwa mtoto anayenyonya tu, kama wako, kinyesi ni laini na huyeyuka katika maji, kwa hiyo inatosha kuishika nepi juu ya choo na kuimwagia kikombe cha maji. Akifika miezi sita na kuanza kula uji na viazi, weka juu ya nepi kipande chembamba cha kanga kuukuu, ukinyanyue na kilichomo, ukikung'ute chooni. Maji hayo ya mwanzo yasimwagwe kwenye sinki la jikoni wala kwenye tundu la roshani. Wako watu wanaoamini kwamba mavi ya mtoto mchanga hayana madhara. Yana vijidudu kama ya mtu mzima, na mikono inayoyagusa inaoshwa kwa sabuni kila mara.

Nepi zilizotumika usiziloweke kwenye ndoo ya maji kutwa nzima. Zikamue, uziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko inayofungika barabara, nyuma ya mlango wa bafuni. Harufu inakuwa ndogo, na iko sababu nyingine nzito zaidi: mtoto wa miezi minne leo atatambaa baada ya miezi michache, na mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika ukingo wa ndoo anaweza kutumbukia kichwa na kufa maji hata kama maji yenyewe ni machache. Katika nyumba ya vyumba viwili hakuna ndoo iliyo mbali na mtoto.

Kwa mama mkwe wako, mwanangu, nakusihi usibishane naye, kwa sababu ana haki. Nunua mabeseni mawili ya rangi nyingine, yasigusane na yake, na ndoo ya kusuuzia iwe ya nepi peke yake. Mtu anayefua nguo zake za kusalia anataka kuwa na yakini ya usafi wake, na mabeseni mawili ni bei ndogo kwa amani ya nyumba ambayo wewe hushindi ndani yake. Tena usimbebeshe yeye ufuaji. Yeye abadilishe nepi na kuzitia kwenye ndoo. Kufua kuwe jioni, kwa zamu yako na ya mume wako, ambaye naamini ana mikono miwili.

Kuanika nako kuna adabu yake. Nilipolea mtoto wangu wa pili nilikaa ghorofa ya nne, na jirani wa chini yangu alikuwa akikaanga maandazi kwenye roshani yake alfajiri ili yawahi kuuzwa. Asubuhi moja nilitundika nepi ambazo sikuzikamua vizuri kwenye kamba ya nje kabisa, tone likashuka, likaingia katika karai la mafuta yaliyochemka. Mlipuko wake niliusikia nikiwa juu. Jirani hakuungua, Mungu alisaidia, lakini maandazi ya siku ile niliyanunua yote, na tangu siku hiyo nepi zangu zilikaa kwanza robo saa juu ya beseni, zikining'inia kwenye henga ile ya plastiki yenye vibanio ya kuanikia soksi, ndipo zikapelekwa kambani, tena kamba za ndani. Soma pia masharti ya jengo lenu kuhusu kuanika upande wa barabarani kabla hujapigilia msumari.

Jambo la mwisho kwako ni pasi. Yuko inzi katika maeneo yetu, wengine humwita inzi wa embe, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kwenye majani na mchanga. Mayai yakianguliwa, funza wake mdogo hupenya kwenye ngozi ya mtoto na kutoa uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo juu. Ghorofa ya tatu si kinga kamili. Nepi zilizokauka zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na pindo zisisahauliwe. Nepi ya tabaka moja inachukua kama dakika moja, kwa hiyo kumi na mbili ni dakika kumi na mbili, na pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima haili zaidi ya uniti moja ya LUKU, kwa hiyo wewe utatumia kama sehemu moja ya tano ya uniti. Siku za masika pasi hiyo hiyo ndiyo itakayomalizia unyevu uliobaki.

Habari Shangazi. Ninakaa Nairobi, ghorofa ya sita, na mtoto wangu ana miezi tisa. Nilinunua nepi kumi na tano za vifungo za mitumba pale Gikomba, zikiwa safi kabisa kwa macho. Wiki ya tatu zikaanza kunuka kama dawa ya nywele kila asubuhi, zinavuja mapajani, na kwa baridi hii ya Julai hazikauki. Kamba zetu ziko juu ya paa la jengo na nguo hupotea. Kituo ninachomwacha mtoto mchana wanataka pampasi tu. Nimejaribu kuziloweka kwa Jik usiku kucha. Nifanye nini?
*Mama Tisa, Nairobi*

Njema, mama. Anza kwa kuacha hiyo Jik. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, na katika bafu dogo la ghorofani lisilo na dirisha hilo si jambo la mzaha. Ikichanganywa na siki ni mbaya zaidi. Isitoshe, hula mpira wa mapajani na utando usiopitisha maji, na huenda sehemu ya kuvuja kwako imetoka huko.

Harufu unayoisikia ni ya amonia, inayotengenezwa na bakteria wanaouvunja mkojo uliokaa muda mrefu katika kitambaa, ndiyo maana nepi ya usiku inaongoza. Isuuze nepi hiyo asubuhi ileile kabla hujaondoka, hata kama huna nafasi ya kufua, kisha uikamue na kuitia kwenye ndoo. Kwa pedi zako za mitumba kuna la ziada. Dondosha tone la maji juu ya pedi iliyokauka: likikaa juu kama shanga bila kuzama, pedi imepakwa mafuta, ama ya dawa ya kulainisha nguo ya mwenyewe wa kwanza, ama ya malai unayompaka mtoto. Isugue kwa maji ya moto na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, usuuze mpaka povu liishe kabisa, halafu urudie jaribio la tone. Ukihitaji kumpaka mtoto mafuta mazito, weka kitambaa chembamba kati yake na pedi.

Kagua pia maganda moja moja. Vuta mpira wa mapajani. Usiporudi, fundi anaweza kuubadilisha kwa fedha kidogo. Geuza ganda ndani nje ulitazame kwenye mwanga. Ukiona utando umeachana na kitambaa na kujikunja kama ngozi ya maziwa, ganda hilo limekwisha kazi, wala hakuna dawa.

Kuhusu kukauka, kidokezo nilichompa mwenzako wa Upanga kinakufaa hata zaidi. Acha pedi nene, kata vipande vya mraba vya melimeli au flaneli, uvikunje upana wa pedi, uviingize kwenye maganda uliyo nayo. Ganda lenyewe ni jembamba na hukauka ndani ya nyumba kwa usiku mmoja, na vipande vikitandazwa kwenye mlango, kwenye migongo ya viti na kwenye kamba iliyokatiza bafu, havitahitaji paa isipokuwa siku ya jua. Ukipanda paani, panda baada ya ukungu kutoweka, kama saa nne asubuhi, siku ambayo upo nyumbani, uketi karibu na nguo zako. Nimezisikia hadithi nyingi za nepi zilizopotea, na sijawahi kusikia hadithi ya nepi iliyorudishwa.

Usikaushe nguo kwa jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Kila msimu wa baridi watu wanafanya hivyo, na hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Kwa kituo cha kulelea watoto, wakubalie. Mlezi mwenye watoto wengi mikononi hana muda wa kukunja nepi za mmoja. Ukitaka kuwashawishi, wapelekee siku moja nepi mbili zilizokwisha kupangwa ndani, tayari kuvaliwa, pamoja na mfuko unaofungwa kwa zipu, na uwaambie wazi kwamba hawatakiwi kusuuza chochote. Wakikataa bado, jioni na mwisho wa juma ni zako, na akiba yake ni fedha halisi.

Shangazi, hivi ni kweli kwamba nepi za kitambaa, kwa sababu ni nene katikati ya miguu, humfanya mtoto apate matege? Wazee wa ukoo wananiambia nizivue.
*Baba Pacha, Tanga*

Si kweli. Miguu ya watoto wengi huwa imepinda kidogo kwa nje wanapoanza kutembea, wavae nepi wasivae, na kwa kawaida hunyooka yenyewe wanapokaribia miaka miwili. Kilicho na hatari ni kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, kwa kuwa nyonga changa hupenda magoti yakiwa yamekunjwa na kuachana kama ya chura, na nepi nene kidogo haizuii hilo. Matege yanayozidi badala ya kupungua, au ya mguu mmoja tu, yapelekwe hospitali, ambako pamoja na mengine wataangalia vitamini D. Na kwa kuwa mnaishi ghorofani, waulizeni pia kama pacha wenu wanapata jua la kutosha.

Assalam alaikum. Binti yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, nasi tunakaa Michenzani, Unguja, kwenye majumba ya ghorofa. Nimelifungua kasha langu nikakuta nepi thelathini nilizowafunga wanangu, nzima kabisa, maana nilizihifadhi kwa vidonge vya nondo. Zina harufu ya vidonge hivyo lakini ni laini kuliko chochote cha dukani. Je, nizifue tu, nimpe binti?
*Bibi Mtarajiwa, Unguja*

Wa alaikum salaam, dada yangu. Naelewa furaha ya kulifungua kasha na kuzikuta, lakini nepi hizo usimvike mtoto mchanga. Vidonge vingi vya nondo ni nafthalini, ambayo hupenya ngozi ya mtoto na kuingia kwenye damu, na watoto wachanga wamewahi kuugua vibaya kwa kuvishwa nepi na kufunikwa mablanketi yaliyohifadhiwa nayo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali ya kurithi inayowapata zaidi wavulana na iliyoenea katika sehemu ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, mwambao wetu na Omani zikiwamo. Kwa mtoto wa namna hiyo nafthalini huzivunja chembe nyekundu za damu, naye hupata manjano makali na upungufu wa damu. Familia nyingi hazijui kama zina hali hiyo mpaka siku inapojitokeza.

Sitakwambia uzifue mara tatu uzivike, kwa sababu nafthalini haiyeyuki vizuri katika maji, na pua ikizoea harufu haiwezi tena kuwa mwamuzi. Wapo wanaoviita vidonge hivyo kafuri. Kafuri ni kitu kingine, na nayo haifai kuwa karibu na mtoto mchanga. Nepi hizo zifanye vitambaa vya kupigia deki, na nguo nyingine zozote za mtoto zilizokuwa katika kasha hilohilo ziwekwe kando pamoja nazo. Kisha mshonee binti yako ishirini mpya za melimeli. Kwa kipimo nilichokwisha kukitaja ni mita saba tu, na mtoto mchanga hasa, ambaye hubadilishwa hata mara kumi kwa siku, zitamtosha mkifua kila siku. Ukitaka kuzihifadhi baadaye kwa mjukuu wa pili, zikaushe juani mpaka ziwe kavu kabisa, uzipige pasi, uzifunge kwenye mfuko wa nailoni usioingiza hewa, bila kidonge chochote.

Na endapo mtoto alishafunikwa kwa kitu kilichotoka kasha hilo, ukaona macho au nyayo zake zinageuka manjano, mkojo wake unatia rangi ya chai kwenye nepi, au amelegea na hataki kunyonya, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mkifika msiishie kusema kwamba ana manjano. Mwambieni daktari habari ya vidonge vya nondo.